Kumwagiza mgonjwa au kumsikiliza kwanza?

Maagizo yana faida moja kubwa: ni ya haraka. "Acha sigara, punguza chumvi, meza dawa." Penye dharura hayana mbadala, anayevuja damu hahitaji mazungumzo marefu. Lakini kwa tabia iliyoota mizizi, mgonjwa huitikia "sawa" kisha akarudi nyumbani na sababu zake zilezile, hazijaguswa.

Njia ya pili, mahojiano ya kuhamasisha, ilielezwa na mwanasaikolojia William R. Miller mwaka 1983, kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la pombe. Mhudumu huuliza: "Kuanzia 0 hadi 10, unajiamini kiasi gani kwamba utaweza?" Akijibiwa 4, haulizi kwa nini si 9, anauliza kwa nini si 1. Hapo mgonjwa huanza kuzitaja nguvu alizonazo, na kauli yake mwenyewe humsukuma kuliko ya daktari. Anayemuuguza nyumbani naye aulizwe vivyo hivyo. Ndiye anayepika na kukumbusha dawa, na mara nyingi amechoka bila yeyote kumjulia hali.

Inataka muda zaidi, kweli. Kwa kisukari au shinikizo la damu ningeutoa bila kusita, na ushauri ningeutoa baada ya kuomba ruhusa.