Moto wa Mario: nimeutumia toka enzi za kaseti ya njano, haya ndo maoni yangu

Silipwi na mtu kuandika hii. Mimi nimerusha ule moto wa Mario, yule jamaa wa kwenye gemu, toka niko darasa la tatu Morogoro mpaka leo nina mtoto wa miaka nane, kwahiyo naona nina haki ya kuuchambua kama watu wanavyochambua simu mpya. Naongelea ile mipira ya moto inayodundadunda chini akishakula ua. Basi.

Gemu yenyewe, Super Mario Bros., Nintendo waliitoa Japani 1985 kwenye mashine yao ya Famicom, ila mtaani kwetu hiyo Famicom yenyewe hakuna aliyewahi kuiona, sisi tulikua na zile TV game za kuiga, waya wa pedi mfupi mpaka unacheza pua inakaribia kugusa kioo, alafu kaseti ya njano imeandikwa gemu 9999999 na ukishuka kwenye listi unakuta ni tano zinajirudia, Mario wanne kati yao, tofauti ni wanapoanzia tu. Haikuwaka mpaka uipulize. Tulikua tunacheza kwa jirani mmoja ambae alikua anatoza hela kidogo kwa nusu saa na alikua hana masihara na saa yake.

Sasa kuupata huo moto. Unagonga boksi la alama ya kuuliza, kama uko mdogo unatoka uyoga, kama ushakua mkubwa linatoka ua, unakula ua unageuka mweupe na nyekundu. Hapo palikua na ugomvi wake, maana mkicheza wawili Mario na Luigi wakila ua wanafanana kabisa, rangi ileile, kwahiyo unakuta mtu kaingia ndani kwa kuchelewa anauliza huyo nani anacheza na wote wawili mnajibu "mimi". Alafu ile ya wawili mnapokezana, mwenzio anashika pedi mpaka wewe ufe. Mwenye moto hafi haraka. Kwahiyo moto wa mwenzio ulikua ni kero kubwa kuliko adui yoyote kwenye gemu, dakika zako za hela zinakatika, yeye anatembea tu anachoma vitu pyu pyu pyu, wewe umekaa unamuombea shimo.

Tuje kwenye ufanyaji kazi wake, hapa ndo nina la kusema. Watu wengi wanadhani ule moto ni kama bunduki, unasimama mbali unamaliza kila kitu. Sio kweli. Kwenye skrini inaruhusiwa mipira miwili tu kwa wakati mmoja. Ukisharusha miwili, kitufe kinakua kimekufa mpaka mmoja ugonge kitu au upotee nje ya kioo. Maana yake nini, ukirusha mbali unakaa unasubiri, ukiwa karibu na adui au karibu na ukuta mpira unapasuka hapohapo na mwingine unatoka, kwahiyo spidi ya kurusha inaongezeka kadiri unavyosogea kwenye hatari. Yaani silaha ya mbali ambayo inakulipa ukiwa karibu! Mimi nimekuja kulielewa hili ukubwani, ila mikono ilikua inajua toka zamani, ndo maana wote tulikua tunamfata kobe mpaka puani ndo tunaachia.

Pedi zetu zilikua na vile vitufe viwili vya turbo juu ya A na B, vinavyojibonyeza vyenyewe. Kuna jamaa aliamini turbo ndo siri. Anaminya turbo B kama fundi cherehani, lakini miwili ni miwili tu, turbo haiongezi hata mmoja. Bado akawa anatuambia wa kwake unatoka mingi, basi tukamuacha.

Na kitufe. B ndo ya kukimbia na B hiyohiyo ndo ya kurusha. Kila ukitaka kuanza kukimbia lazima mpira mmoja utoke, utake usitake. Mwanzo inaboa, baadae unazoea kuachia na kubonyeza chapchap huku unakimbia, spidi haipungui na moto unatoka. Ukishaweza hilo gemu inabadilika kabisa, unajihisi mfalme, na huo ufalme ndo unaokuua maana unakimbilia sehemu ambayo hujaiona bado.

Kudunda kwake pia kuna akili. Mpira unafata ardhi, ngazi za kushuka unashuka nazo vizuri, ngazi za kupanda unapasuka kwenye hatua ya kwanza, shimo unatumbukia. Kwahiyo aliye juu yako humpati kirahisi, aliye chini yako kaisha. Pa kuushukuru zaidi ni kwenye maji: wale pweza weupe huwezi kuwakanyaga ukiwa majini, bila moto kazi yako ni kukwepa tu. Na wale wa miba mgongoni ambao ukiwarukia unakufa wewe, moto unawamaliza. Maua yanayotoka kwenye bomba, kwisha habari.

Ila kuna kadudu kanaitwa Buzzy Beetle, gamba jeusi, moto hakasikii kabisa. Unarusha, unapasukia mgongoni kwake, kanakuja tu taratibu kama mdai. Na risasi zile kubwa zenye macho nazo hazisikii. Alafu wasichowaambia watu ni kwamba ukimaliza gemu ukaanza mzunguko wa pili, vile viuyoga vya kahawia, wale adui wa mwanzo wa gemu, vyote vinaondolewa wanawekwa Buzzy Beetle. Yaani silaha uliyoitegemea mzunguko wote wa kwanza inakosa kazi nusu yake, inabidi ujifunze kukanyaga upya. Na kwa wanaojali pointi, ukikanyaga mfululizo bila kugusa chini pointi zinapanda mpaka unapewa roho, kwa moto hupati huo mpando.

Kero namba moja lakini ni hii: ukiguswa mara moja tu umerudi mdogo. Hushuki ngazi moja ukabaki mkubwa, unaanguka mpaka chini kabisa. Umehangaika uyoga, umehangaika ua, kobe mmoja wa nyuma yako, kwisha. Kwenye Super Mario Bros. 3 toleo la nje ya Japani walilirekebisha, ukiguswa unabaki mkubwa kwanza. Mimi nasema walifanya vizuri, mshkaji wangu anasema waliharibu, huu ubishi una miaka sasa.

Nikisema nitoe nyota natoa nne kati ya tano, hiyo moja nimekata kwa sababu ya hilo, na sirudishi.

Matoleo mengine nitapita haraka. Super Mario Land ya Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi, 1989, sio moto ule, ni kijimpira kinachogonga kuta na kurudi kwa pembe, kinaokota hadi sarafu, kizuri ila unarusha kimoja tu. Super Mario World adui akipigwa moto anageuka sarafu, na ukiruka kwa kuzunguka unarusha pande zote, raha tupu. Super Mario 64 ua hakuna. Galaxy ya 2007 wakarudisha ua ila lina mda, unarusha huku roho juu linakaribia kuisha, mimi hiyo sikuipenda, moto wa kupewa kwa dakika ni kama ule wa kwa jirani yetu. Odyssey ua hakuna tena, unarusha kofia. Wonder ya 2023 lipo, ila humo Mario anageuka tembo na mwanangu kashachagua tembo.

Kitu kilichofanya niupende moja kwa moja ni tukio moja. Kwenye ngome ya mwisho wa kila dunia kuna joka, Bowser, sisi tulikua tunamkimbia tu, unapita chini yake akiruka unagusa shoka, daraja linakatika, anaanguka. Hakuna aliyekua anafika pale na ua, wote tulikua tunaupoteza kwenye vile viboko vya moto vinavyozunguka. Siku hiyo kuna dogo mmoja mkimya, hata hela alikua anachangiwa, kafika ngome ya kwanza bado mweupe. Akasimama. Akarusha moja, mbili, tatu, nne, ya tano joka likageuka kiuyoga cha kahawia, kile cha mwanzo kabisa wa gemu, kikaanguka miguu juu kwenye lava. Chumba kizima kimya. Kisha kelele. Wengine wakasema kaseti imeharibika, mwenye mashine akaja mbio akidhani tumemvunjia kitu.

Kumbe ndo ilivyotengenezwa, kuanzia dunia ya kwanza mpaka ya saba lile joka ni feki, kila ngome kuna adui mwingine kavaa sura ya joka, la nane tu ndo lenyewe. Na bila moto huwezi kujua, unaweza kucheza miaka na miaka unadhani unapigana na mfalme kumbe ni kiuyoga. Toka siku hiyo sisi hatukulinda ua kwa ajili ya kuishi, tulililinda ili tukaone ndani ya ngome inayofata kuna nani. Kwenye ya pili ni kobe. Ya tatu Buzzy Beetle, na hapo ndo utachoka, kadudu kasikosikia moto kakiwa ndani ya sura ya joka moto kanasikia. Mpaka leo sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Mwezi uliopita nikamuwekea mwanangu ile ya zamani kwenye Switch, mashine nyingine ya Nintendo. Nikamlinda njia nzima, ruka hapa, subiri hapa, mpaka kafika ngome ya kwanza na ua lake. Mipira mitano. Kiuyoga kikaanguka. Akanigeukia, "Baba, kumbe alikua anajifanya?" Nikasema eeh, sasa beba ua twende tukamuone wa pili.

Tukaingia 2-1, yaani hatua ya kwanza ya dunia ya pili, hata nusu hatujafika kobe kamgusa, kawa mdogo. Mi nikashika kichwa kabisa. Yeye wala, akaminya vitufe viwili vya nyuma, gemu ikarudi nyuma sekunde kumi, ua likarudi mwilini, akaendelea kukimbia. Nikatoka nje kupunga upepo kidogo.