Kipimo cha kiti cha sekunde 30: uzoefu wangu na mama

Mama ana miaka 76 na anatembea mwenyewe bila fimbo. Nilipompeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia apimwe nguvu za miguu, nilidhani tunakwenda kuambiwa tu kwamba yu mzima.

Kifaa chenyewe ni kiti kisicho na mikono, kimeegemezwa ukutani, kimo chake kama sentimita 43. Unakaa katikati, nyayo zimetua sakafuni, mikono umeikunja kifuani. Ukiambiwa anza, unasimama wima na kukaa tena, mara nyingi kadiri uwezavyo, hadi sekunde 30 ziishe.

Mama alijisukuma kwa mikono papo hapo. Hakujua kwamba amefanya hivyo, wala mimi ninayeishi naye sikuwahi kuliona. Mtaalamu akamweleza kwa upole kuwa ukitumia mikono alama ni sifuri, akampumzisha, wakaanza upya. Alisimama mara 6. Kwa mwanamke wa miaka 75 hadi 79, chini ya 10 ni pungufu, na hatari ya kuanguka huwa kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku hizi anakaa kitandani badala ya kwenye kochi. Kochi letu liko chini mno.

Akapimwa pia kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa: sekunde 14. Kuanzia 12 wanataka kumfuatilia mtu.

Lalamiko langu ni moja. Tuliporudi baada ya mwezi mmoja, mhudumu mwingine alileta kiti kirefu zaidi, mama akapata 9, nikafurahi kweli. Nilipouliza habari ya kiti, wakarudisha kile cha mwanzo baada ya mapumziko: 7. Kiti kikibadilika, hesabu mbili hazilinganishwi tena, kwa hiyo tazameni kiti kabla ya kutazama saa. Tena mwambieni mpimaji mapema kama mzee ana kizunguzungu, maumivu ya kifua au ya nyonga. Na kipimo hiki hakigusi macho wala dawa anazomeza, ambazo nazo humwangusha mtu. Hayo tuliyauliza kwa daktari.

Nimeridhika nacho sana. Mazoezi aliyopewa ni yaleyale ya kusimama na kukaa, kidogo kidogo kila siku, nami nikiwa pembeni yake. Wiki ya 12, kwenye kiti kilekile, alifika 9. Kumi bado, ila jioni sasa namkuta kwenye kochi.