Circle of Security Parenting: kozi nzuri, ila kodi ya nyumba haimo

Kozi hii ya malezi ilitungwa Spokane, Marekani, na Glen Cooper, Kent Hoffman na Bert Powell. Ina sehemu 8 za video, na mwezeshaji huisimamisha kila mara ili wazazi wazungumze. Msingi wake ni kazi ya John Bowlby na Mary Ainsworth, watafiti wa uhusiano wa mtoto na mlezi wake (huyu wa pili alianza kuwachunguza kina mama na watoto wao Uganda, miaka ya 1950).

Chombo kikuu ni duara. Juu, mtoto anatoka kucheza na kuchunguza. Chini, anarudi kutaka faraja. Mikono iliyochorwa ni ya mlezi. Tazama kwanza yuko upande gani, ndipo umjibu.

Uzito wote uko kwenye "muziki wa papa": picha za bahari zilezile zinaonyeshwa mara mbili, kwanza na muziki mtulivu, kisha na wa kutisha, kana kwamba samaki papa anakuja. Mzazi aliyekuzwa kwa "mwanaume halii" husikia ule wa kutisha moyoni mwanawe anapolia, akamkaripia au akaondoka. Mwezeshaji akiharakisha hapa, watu hurudi nyumbani na mchoro tu.

Kasoro: kodi ya nyumba, deni, zamu za usiku na ndugu wanaosema "unamdekeza" havina nafasi ya kutosha. Panapo bibi au dada wa kazi anayeshinda na mtoto, naye aje. La sivyo mtoto atajibiwa namna mbili kila siku. Na kama nyumbani kuna kipigo, tafuteni usalama kwanza, kozi baadaye.