Nairobi mpaka New York bila kushuka njiani: uzoefu wangu

Kama unatoka Nairobi unaenda New York na mfuko unaruhusu, panda ile ndege ya KQ (Kenya Airways) ya moja kwa moja. Mimi nimeipanda na mamangu pia nimempandisha akienda kumwona mjukuu, na kabla ianze Oktoba 2018 tulikuwa tunapitia Ulaya au nchi za Ghuba, kwa hivyo nalinganisha vitu nimeviona.

Watu wanagugo umbali wanapata karibu kilomita 11,800, halafu ile programu ya kukadiria muda wa safari inawapa muda mmoja na wanadhani kwenda na kurudi ni sawa. Si sawa! Kwenda ni kama masaa 15, kurudi ni kama 14, wakati mwingine hata pungufu, na ni ndege aina ileile, Boeing 787 Dreamliner. Ni upepo. Huko juu kuna upepo wa nguvu unaotoka magharibi kuelekea mashariki, sasa ukienda Marekani ndege inapambana nao, ukirudi unaisukuma, na miezi ya baridi ya kule ndio unakuwa mkali zaidi.

Halafu kilomita peke yake hazikwambii kitu. Chukua ile ya kupitia Amsterdam, Nairobi mpaka pale ni kama 6,670, kutoka pale mpaka New York kama 5,850, jumla 12,500 na kidogo, yaani umeongeza kilomita 700 tu ambazo ndege inazimaliza chini ya saa moja. Lakini kuna kushuka, kukaguliwa tena, kutafuta geti, kungoja, na ile ya kwanza ikichelewa ya pili haikungojei. Kupitia Doha ndio hata kilomita zenyewe zinapita 14,000. Kwa mtu mzima kama mamangu, miguu inamuuma na Kiingereza si chake sana, hiyo ya kubadilisha ndege ndio inamchosha kuliko kukaa angani. Hii ya moja kwa moja tulimsindikiza JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, akalala, akala, akateremka JFK kule New York akachukua begi lake basi.

Inaondoka usiku, na hiyo mimi naipenda sana. Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaza mafuta ya masaa 15 inataka hewa ya baridi ndio iweze kuinuka na mzigo wake wote. Wewe abiria unapata usingizi wako wa kawaida. Ukiruka kwenye saa sita usiku, unafika huku kwetu Nairobi ni alasiri lakini kule New York ndio kwanza asubuhi, kwa sababu wako nyuma yetu masaa 7, na wakisharudisha saa zao mwezi wa 11 yanakuwa 8.

Masaa 15 ni mengi lakini, usidharau. Chagua siti ya kando ya njia, inuka utembee kila baada ya muda, kunywa maji, vaa soksi za kubana kama miguu yako huvimba.

Bei huwa juu kuliko za kuunganisha, hasa Desemba, kwa hivyo kata tiketi mapema. Na ukilinganisha, angalia masaa ya safari nzima pamoja na ya kungoja, usiangalie bei pekee, maana ile ya bei nafuu inaweza kukulaza kwenye kiti cha uwanja wa ndege wa watu usiku mzima.