Kuagiza Toyota Fielder Kutoka Japani Bila Kupitia Yadi: Tathmini ya Mnunuzi wa Nairobi

Mkazi wa Nairobi anayetaka gari lililotumika ana njia mbili kuu. Anaweza kwenda kwenye yadi zilizopangana kando ya Ngong Road na Kiambu Road akachague gari analoliona kwa macho, au aliagize mwenyewe kutoka Japani kupitia kampuni inayouza magari nje na wakala wa forodha aliye Mombasa. Mimi nilifuata njia ya pili nikaagiza Toyota Corolla Fielder ya mwaka 2018, yenye injini ya cc 1,496, na tathmini hii inahusu huduma nzima kuanzia mnadani hadi vibao vya namba, pamoja na gari lenyewe. Naipendekeza njia hiyo kwa moyo mkunjufu, na sababu yangu kubwa ni kwamba inampa mnunuzi nafasi ya kusoma historia ya gari kwa maandishi kabla hajatoa hata shilingi, jambo ambalo kwenye yadi kadhaa nilizozitembelea nililiomba nikaambulia maneno matamu tu.

Kuhusu bei, akiba ipo, ila ni ndogo kuliko inavyosimuliwa, kwa sababu mwenye yadi naye analipa kodi zilezile na nauli ileile ya meli, na tofauti inayobaki ni faida yake na kodi ya uwanja. Anayeagiza mwenyewe kwa tamaa ya kuokoa pesa nyingi huishia kutafuta gari la bei ya chini kabisa huko Japani, na hapo ndipo anapopoteza manufaa yote ya kuagiza.

Magari mengi yanayokuja kwetu hupitia kwenye minada ya Japani, ambako mkaguzi wa mnada hulikagua kila gari na kuliandikia karatasi yenye alama na mchoro. Karatasi hiyo ya mnada ndiyo niliyoizingatia kuliko picha zote. Juu yake kuna daraja la jumla: 4.5 au 5 ni gari lililotunzwa vizuri sana, 4 ni zuri lenye kasoro ndogondogo, 3.5 limeanza kuchakaa, na herufi R au RA humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali au kuharibika sehemu za mwili wake mkuu, kisha likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa daraja lake la herufi, A ikiwa bora zaidi. Kwenye mchoro, mkaguzi huweka alama mahali hasa palipo na kasoro: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya, S ni kutu, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi huonyesha ukubwa wa kasoro, hivyo A1 kwenye bampa si jambo la kumsumbua mtu, ilhali W3 kwenye mlango inastahili maswali. Karatasi huweza pia kuonyesha kama gari lilikuwa la mtu binafsi au la kukodisha, na upande wa maelezo mkaguzi huandika kwa Kijapani mambo ambayo hayamo kwenye tangazo. Mimi niliyapeleka maelezo hayo yatafsiriwe na mtu anayeisoma lugha hiyo, na ninashauri kila mnunuzi afanye hivyo, kwa sababu hapo ndipo panapoandikwa habari za kutu ya chini ya gari, harufu ya sigara na sauti isiyo ya kawaida ya injini.

Kutu inanipa sababu ya kueleza zaidi, maana picha za tangazo haziionyeshi. Katika mikoa ya kaskazini, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa dawa za chumvi wakati wa baridi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula vyuma vya chini ya gari ilhali rangi ya juu inang'aa kama kawaida. Niliomba picha za chini ya gari, za mabomba ya breki na za bomba la kutolea moshi, na nililiacha gari moja lenye rangi ya kupendeza mno kwa sababu ya picha hizo.

Kilomita nazo zina ushahidi wake. Nchini Japani gari jipya hupitia ukaguzi wa lazima wa serikali linapotimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama ya ukaguzi huo ni mojawapo ya sababu zinazowafanya Wajapani wauze magari ambayo sisi tungeyaona bado machanga. Kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi huingia kwenye kumbukumbu, na huonekana kwenye cheti kinachotolewa gari linapofutiwa usajili ili lisafirishwe nje. Mnunuzi aliye na karatasi ya mnada na cheti hicho anaweza kulinganisha namba mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti kwa nyakati tofauti. Kipimaumbali kilichorudishwa nyuma hakiwezi kuzibadilisha zote mbili kwa urahisi.

Kampuni ya kwanza niliyoiandikia ilinijibu haraka na kwa adabu, ila nilipoiomba karatasi ya mnada ikasema kwamba hiyo ni siri ya biashara na kwamba picha 30 zinatosha. Sikuendelea nayo. Ya pili ilinitumia karatasi siku iliyofuata, ikaniwekea dau mnadani kwa kiwango nilichokikubali, ikashindwa magari mawili kwa sababu wengine waliweka zaidi, na haikunishawishi hata mara moja kupandisha kiwango changu. Huduma ya namna hiyo naiheshimu sana. Gari lililopatikana lilikuwa la daraja 4, ndani B, lenye A1 mbili na U1 moja, na nilipolipokea nilizikuta kasoro hizo tatu mahali palepale zilipochorwa.

Sasa nifike kwenye kodi, kwani ndiyo inayowashtua wengi. Mamlaka ya ushuru, KRA, haikutozi kwa bei uliyomlipa muuzaji. Hutumia orodha yake ya bei za magari mapya, inayojulikana kwa kifupi cha CRSP, ambapo huchukua bei ya toleo husika, ikaipunguza kwa asilimia inayokua kadiri gari linavyozeeka, na kutoka hapo ikapata thamani ya forodha. Kwa viwango vilivyopo ninapoandika, ushuru wa forodha ni asilimia 35 ya thamani hiyo, baada ya kupandishwa kutoka 25 mwaka 2023. Ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi cc 1,500 ni asilimia 20, nao huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru wa forodha. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16 huwekwa juu ya vyote hivyo. Huongezwa ada ya tamko la uagizaji ya asilimia 2.5 na tozo ya maendeleo ya reli ya asilimia 2. Chukua mfano wa gari lenye thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000: ushuru wa forodha ni 350,000, ushuru wa bidhaa ni 270,000, VAT ni 259,200, na zile ada mbili ni 25,000 na 20,000. Jumla ni shilingi 924,200. Fielder hiyo hiyo ikiwa na injini ya 1,800, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 25, na hilo lilitosha kunifanya nibaki na injini ndogo.

Katika hesabu hiyo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani. Kwa kuwa kodi inafuata toleo na umri, Fielder ya daraja 3.5 na Fielder ya daraja 4.5 za mwaka mmoja hulipiwa kodi sawa, nauli sawa na ada sawa za bandari. Anayechagua gari bovu zaidi anapunguza sehemu moja tu ya gharama, huku sehemu nyingine kubwa ikibaki vilevile. Ndiyo maana nasisitiza kwamba pesa ya kuongeza iongezwe mnadani, kwenye daraja la gari, kwa sababu hapo kila dola inanunua ubora.

Masharti ya serikali si mengi, ila hayana msamaha. Gari lazima liwe la usukani wa kulia na lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, hivyo kwa mwaka 2025 lililokubalika lilikuwa la 2018 kuendelea. Linatakiwa kuwasili kufikia tarehe 31 Desemba, kwa hiyo anayenunua gari la mwaka wa mwisho unaoruhusiwa mwezi wa Oktoba anacheza na ratiba ya meli. Kabla ya kupakiwa, hukaguliwa huko huko kwa niaba ya shirika la viwango, KEBS, na kupewa cheti cha kufaa barabarani. Ukaguzi huo hupima hata mnururisho, kutokana na ajali ya Fukushima ya mwaka 2011. Cheti hicho ni cha lazima, lakini hakisemi kama gari liliwahi kugongwa, kwa hiyo hakichukui nafasi ya karatasi ya mnada.

Malipo hufanywa kwa dola kupitia benki, na bei ya dola inaweza kubadilisha hesabu yote: mwanzoni mwa 2024 ilifika karibu shilingi 160, na kabla ya mwaka huo kuisha ilikuwa imeshuka hadi karibu 129. Bima ya safari ya baharini sheria inataka ikatwe kwa kampuni za humu nchini, na gharama yake ni ndogo.

Sehemu dhaifu kabisa ya huduma nzima ilikuwa Mombasa. Wakala wangu wa kwanza alinipa makadirio ya maneno, na meli ilipokaribia akaanza kuongeza ada zisizo na risiti, kila moja ikiwa na jina jipya. Nilihamishia hati za shehena kwa mwingine ambaye alikubali kuandika kila kitu mapema: ada za bandari, za kampuni ya meli, za bohari na malipo yake mwenyewe, kila kimoja kwenye mstari wake. Kodi nililipa mwenyewe moja kwa moja kwa KRA kwa namba ya malipo iliyotolewa kwenye mfumo, na sioni sababu ya mtu yeyote kumkabidhi wakala pesa hizo. Ucheleweshaji wa hati huleta ada ya kuhifadhi gari ambayo huongezeka kila siku, kwa hiyo hati halisi za shehena zifuatiliwe mara tu meli inapong'oa nanga. Gari lilifika Nairobi likiwa salama, ila zulia za sakafuni na jeki zilizoonekana kwenye picha hazikuwamo, na hakuna aliyekubali kujibu zilipotelea wapi. Usajili kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, haukuwa na shida.

Gari lenyewe limenifurahisha. Linabeba familia na magunia mawili ya viazi kutoka Kinangop bila kulalamika, halili mafuta kwa pupa, na vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road kwa bei za kila daraja. Redio ya Kijapani haipati vituo vyetu vingi, kwa kuwa mawimbi yake ya FM yameishia chini ya 95 na yetu yanafika 108. Isitoshe, betri ikichomolewa, redio nyingi za Toyota hujifunga na kudai namba ya siri, kwa hiyo niliibadilisha yote. Chini ya gari ni karibu na ardhi, na matuta ya mitaa yetu huligusa likiwa limejaa watu. Nilibadilisha shoki za nyuma kwa zilizo imara zaidi badala ya kuliinua kwa vipande vya mpira, jambo ambalo fundi ninayemwamini alinishauri nisilifanye. Giaboksi yake ni ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za hatua, na inahitaji oili yake maalumu, kwa hiyo niliimwaga ya zamani na kuweka mpya kabla ya safari yoyote ndefu. Halikuja na tairi la akiba, bali pampu na kopo la kuzibia tundu, kama magari mengi ya Japani ya miaka hii, na kwa anayesafiri mashambani tairi hilo ni gharama ya kuiweka kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mwenye haraka ya gari wiki hii aende yadini, ila aombe karatasi ya mnada na cheti cha kufutiwa usajili kabla ya kuuliza bei, kwani gari likiwa limetoka mnadani Japani, hati hizo zilikuwapo. Mwenye subira ya miezi miwili au mitatu, na aliye tayari kuliacha gari zuri la picha kwa sababu ya herufi moja kwenye mchoro, nampendekezea aagize mwenyewe.