TAHADHARI: anaeuza stendi za kuzungushia bodi la gari, msimtumie hela

Asalaam alaikum wana gereji wa Unguja na Pemba, na nyinyi mnaofufua magari ya zamani majumbani. Kuna mtu anatangaza stendi za kuzungushia bodi, ile ambayo sie hapa gereji tunaiita mshikaki, gari linavuliwa kila kitu linabaki gamba tupu, linashikwa mbele na nyuma pale panapofungwa bampa halafu unaligeuza ubavu au miguu juu unachomelea sakafu umesimama wima, badala ya kulala chini cheche zinakuingia shingoni. Kitu kizuri mno hasa kwetu huku na hii hewa ya chumvi, gari juu linang'aa ukichungulia chini sakafu imekuwa chujio. Lakini anazouza huyu bwana ni hatari, na hela zako hutoziona tena.

Moja imeletwa kwetu ishavunjika. Mteja kalipa laki nane na nusu, nusu kabla, iliobaki mzigo unapopakiwa, yaani mpaka unaiona kwa macho yako jamaa keshamaliza hesabu yake. Akafunga gamba la Peugeot 504, wakaligeuza yeye na shemegi yake, lilipofika nusu pini ya kuzuia ikakatika, gamba likajizungusha lenyewe nguzo ya nyuma ya stendi ikapinda na nguzo ya dirisha la gari ikagonga ukuta. Alhamdulillahi hakuna alieumia. Shemegi mtu alikuwa kainama palepale dakika chache kabla.

Tangazo linasema skwea paipu, yaani bomba la pembe nne, 50 kwa 50 unene milimita 3, inabeba tani nzima. Tukapiga grainda tukapima kwa kalipa: milimita moja na nusu. Pini yenyewe kipande cha nondo ya milimita kumi. Ukikwangua ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, iliopakwa nene kama ya boti, chini unakuta pati, pati ile ya kuzibia mabonde ya bodi!! na chini ya pati weldi imeshika upande mmoja tu. Vigurudumu ni vya plastiki. Mimi kazi hii ya vyuma naifanya na wizi nshauona, mtu kupunguza nusu milimita ale faida namuelewa, lakini kufunika weldi kwa pati kwenye kitu ambacho binadamu anaingia chini yake, huyo hana imani.

Akipigiwa simu kwanza alisema "mmepakia vibaya", mara chuma kimekuja hivohivo na boti kutoka Dar, mara hapatikani. Mteja kaenda mpaka kwa sheha wa mtaa aliojidai anakaa, sheha hamjui. Na ile video yake anazungusha gamba kwa mkono mmoja isikudanganye, lile gamba halina milango halina boneti halina kioo, na kila picha imepigwa mbali huoni kiungo hata kimoja.

Sasa akikujia mtu na stendi yoyote, huyu au mwengine, usibishane nae kuhusu unene, mwambie apime uzito. Skwea paipu ya 50 kwa 50 ya milimita 3 kamili, urefu mita 6, inakaribia kilo 26. Ya milimita moja na nusu haifiki hata 14. Mizani haijui maneno mengi. Akikataa kupimisha au kukuachia ukwangue rangi kwenye kona moja, muage kwa salama.

Na wallahi bora uitengeneze mwenyewe na fundi wako wa kuchomelea, si kitu cha ajabu. Nguzo mbili zenye miguu mipana, ndani ya kila nguzo bomba jengine linalopanda na kushuka kwa matundu na bolti, juu bomba la duara linalozunguka ndani ya bomba nene lenye grisi, na chini lazima boriti moja ndefu iziunganishe stendi mbili zisitanuke. Zake hazina hiyo boriti, eti "inapunguza nafasi". Kazi kubwa iko kwenye kusawazisha, pale kwenye mkono unaoshika gamba weka matundu ya kupandisha na kushusha, ukiligeuza ukaliachia likirudi lenyewe sakafu chini basi uzito uko chini ya mhimili, yaani lile bomba la duara linalozunguka, lipandishe gamba kidogo, likitaka kupinduka miguu juu lishushe. Likikaa popote unapoliacha hapo ushapata, na hapo hata mtoto wa skuli analizungusha. Pini weka bolti ngumu ya kiwandani, nondo hapana. Na kabla hujakata sakafu chomelea mabomba ya kukaza kwenye nafasi za milango, bila hivo gamba linajikunja na mlango hautofunga tena maisha.

Huyu jamaa sasa hivi kabadilisha namba na jina, anaita "jeki ya kugeuzia gari", bei kashusha mpaka laki sita, lakini picha ni zilezile, stendi nyekundu imesimama kwenye mchanga pembeni ya mnazi uliokatwa kichwa. Nasikia anawatafuta zaidi watu wa Pemba kwa sababu hawawezi kwenda kumkaba. Kama ushatuma nusu ya kwanza, usitume ya pili hata akwambie mzigo uko bandarini, mtume ndugu alieko Unguja akaupime kabla haujapakiwa, na ukiwa ushafika bandari ya Mkoani huko Pemba usiufunge gari lolote, kata kipande kimoja cha bomba kwanza uone ndani.