Miezi minne na programu ya njia inayohesabu milima, Mombo hadi Lushoto

Ninakaa Mombo, na kila baada ya wiki mbili hupanda Lushoto kwa dada yangu kwa baiskeli. Aliyepita barabara ile anaijua: kilomita kama 33, kutoka mita mia nne na kidogo hadi karibu 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ramani za kawaida hunipa umbali tu, kana kwamba kilomita ya Soni kule mlimani na kilomita ya Korogwe kwenye tambarare ni ndugu.

Hii niliyopakua (ya bure, jina naliacha) hupanga njia kwa kuangalia na mwinuko. Unachagua baiskeli, unaiambia unachukia milima kiasi gani, inakuchorea njia na grafu yake. Nilichokipenda: kwenda na kurudi haikuvichukulia sawa. Kupanda ilinikadiria saa tatu na nusu, kushuka saa moja na dakika ishirini. Ukitoa chai yangu ya Soni, haikukosea hata robo saa.

Safari ya tatu ndiyo ilinitoa jasho. Tulipopita Soni ikanitoa kwenye lami, ikaniingiza njia ya miguu. Nikamkuta mzee anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akaitazama baiskeli, kisha mimi. "Mwanangu, hapa hata mbuzi tunawavuta."

Nilikokota dakika arobaini.

Jioni nikaikuza ile grafu. Lami inayopanda taratibu ilichorwa kama meno ya msumeno: panda mita nane, shuka sita, panda tena. Shida ni vipimo. Data ya mwinuko wanayotumia ilipigwa kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, Februari 2000, kwa siku 11 tu, na kila kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30 kina namba moja. Barabara yetu imechongwa ubavuni mwa mlima, mkono huu ukuta, mkono ule korongo, na lami yenyewe ni nyembamba. Kipande kimoja kikishika ukuta, kinachofuata kinashika korongo. Programu ikadhani lami imejaa vilima, ikanionea huruma! Msitu wa Magamba nao una kituko chake: rada husoma zaidi vilele vya miti kuliko udongo, basi ukiingia msituni grafu inaruka juu huku pedali haisikii kitu.

Dawa ipo kwenye mipangilio, sehemu ya kulainisha mwinuko. Niliiambia ipuuze mabadiliko yasiyofika mita 10, na papo hapo ikanirudisha kwenye lami.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakiitoa sehemu hiyo kwenye menyu ya nne ndani walikoifukia. Na wakati wa kushuka msiitegemee: mteremko inaujua, kona zenye mchanga haizijui. Kagueni breki kabla ya kuondoka Lushoto.